Kutoka Mwanza Hadi Disneyland Paris: Mwongozo Kamili wa Makaratasi ya Safari ya Familia

Safari ya Juni inaombewa viza Desemba. Wazazi wengi wanaanza na tiketi: wanaona ofa ya ndege kwenye simu, wanalipia, wanawatangazia watoto, halafu ndipo wanagundua kwamba mtoto wa mwisho hana cheti cha kuzaliwa na jina la mama kwenye pasi halifanani na lililoko kwenye kitambulisho cha NIDA. Ofa ya ndege itarudi tena. Cheti chenye kosa hakijirekebishi chenyewe.

Mwongozo huu ni wa familia inayoishi Mwanza au mwambao wa ziwa, iwe Ilemela, Sengerema, Magu au Ukerewe, inayotaka kuwapeleka watoto kwenye bustani kubwa ya burudani nje ya nchi. Nitatumia Disneyland Paris kama mfano mkuu, kwa sababu viza ya Schengen, ile ya pamoja ya kundi la nchi za Ulaya ikiwemo Ufaransa, ndiyo yenye makaratasi mengi. Ukiweza faili la Ufaransa, mafaili mengine hayatakusumbua sana.

Chagua bustani kwa kuangalia viza kwanza

Watoto watachagua kwa katuni, wewe chagua kwa viza.

Afrika Kusini ndiyo nyepesi kuliko zote. Mtanzania mwenye pasi ya kawaida haombi viza kwa matembezi mafupi yasiyozidi siku 90 kwa mwaka. Johannesburg kuna Gold Reef City, bustani iliyojengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na watoto wa Kanda ya Ziwa waliokulia kwenye hadithi za Geita wataielewa haraka. Usidhani kukosekana kwa viza kunaondoa makaratasi ya watoto, maana nchi hiyo imekuwa makini sana na vyeti vya kuzaliwa na ridhaa ya wazazi.

Falme za Kiarabu zinahitaji viza, ila inaombwa kwa njia ya mtandao kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Abu Dhabi, kwenye kisiwa cha Yas, kuna Ferrari World iliyofunguliwa 2010 na Warner Bros. World iliyofunguliwa 2018. Zote mbili ziko ndani ya majengo yenye viyoyozi. Hilo ni jambo la maana, kwa sababu Juni na Julai joto la huko hupita nyuzi 40 na mtoto hawezi kutembea nje mchana.

Disneyland Paris iko Marne-la-Vallée, takriban kilomita 32 mashariki mwa Paris. Ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, na bustani ya pili, iliyoanza kwa jina la Walt Disney Studios, ilifunguliwa jirani yake 2002. Siku mbili mpaka tatu zinatosha. Marekani nimeiacha kwa makusudi, kwani masharti yake kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika mno hivi karibuni kiasi kwamba sishauri mtu mwenye watoto aanzie huko.

Kalenda: likizo moja ya makaratasi, likizo moja ya safari

Shule zetu zina mapumziko marefu mawili, Juni na Desemba. Kwa Paris chagua Juni bila kusita. Desemba ni baridi kali, giza linaingia mapema, na watu wamefurika kwa ajili ya Krismasi. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na watoto wa Kifaransa bado wako madarasani mpaka mwanzoni mwa Julai, hivyo siku za katikati ya wiki foleni huwa afadhali.

Sasa angalia hesabu. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini wanaweza kuongeza mpaka 45. Anayesafiri tarehe 8 Juni anaruhusiwa kuomba kuanzia tarehe 8 Desemba, na wakati huo watoto wamefunga shule. Mnakwenda Dar es Salaam kwenye miadi bila mtoto kukosa kipindi hata kimoja. Ukingoja mpaka Aprili au Mei utagombania miadi na kila anayekwenda Ulaya kiangazi.

Kwa hiyo kazi inaanza mwaka mzima kabla. Kati ya Juni na Agosti mnashughulikia vyeti na pasi. Septemba mpaka Novemba mnanyoosha akaunti ya benki. Desemba mwanzoni, kabla ofisi hazijafunga kwa sikukuu, mnawasilisha ombi. Kinachobaki ni kukata tiketi na kuhesabu siku.

Vyeti na majina

Toa vyeti vyote vya familia kabatini, vitandaze mezani, na uchukue kalamu. Usisome tarehe kwanza. Soma majina, herufi kwa herufi, kwenye cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kitambulisho cha NIDA cha baba na cha mama, cheti cha ndoa, na pasi kama zipo.

Utakutana na mambo ya aina hii. Mama kwenye cheti cha mtoto ni Sofia, kwenye NIDA ni Sophia. Baba ni Lukas huku, Lucas kule. Na kwa sisi wa Usukumani kuna lile la majina yenye ng': cheti kimeandikwa Ng'wandu, kitambulisho Ngwandu, na cheti cha ndoa karani aliamua mwenyewe akaandika Nwandu. Kukosekana kwa kituo cha juu hakuna madhara, kwa sababu ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa pasi, inayosomwa na mashine, haina nafasi ya alama hiyo na huiruka. Ukinunua tiketi andika NGWANDU kama mashine inavyosoma. Lakini Nwandu ni mtu mwingine kabisa machoni pa afisa wa viza, na hapo unahitaji kusahihisha.

Kosa la herufi lililofanywa kwenye cheti cha kuzaliwa linarekebishwa RITA. Tofauti ndogo ya tahajia kati ya nyaraka mbili inaweza kuelezwa kwa hati ya kiapo ya wakili inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Aliyebadili jina kabisa, kwa mfano baada ya ndoa au kubatizwa ukubwani, atahitaji hati ya kubadili majina iliyosajiliwa. Kiapo pekee hakitoshi.

Kama mtoto hana cheti kabisa, tafuta tangazo la kizazi alilopewa mama hospitalini au kituo cha afya, kisha anzisha maombi RITA. Aliyezaliwa nyumbani kisiwani asiyekuwa na tangazo atapita njia ndefu zaidi kupitia serikali ya mtaa au kijiji, na hiyo ndiyo sababu nasema uanze mwaka kabla.

Kuna jambo jingine ambalo sisi hatulioni kuwa tatizo mpaka tulifikishe kwa Mzungu. Mtoto anaitwa Neema Masanja Lukas. Baba yake ni Masanja Lukas Bundala. Mama ni Sophia Paulo Ngwandu. Kwetu huo ni mpangilio wa kawaida: jina lake, la baba, la babu. Afisa wa Ulaya anaona watu watatu wenye majina ya mwisho matatu tofauti wanaodai ni familia moja. Hutakiwi kubadili jina la mtu. Unachohitaji ni cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi yaliyokamilika, na sentensi moja kwenye barua ya maelezo: nchini kwetu mtoto hubeba jina la baba na la babu, hivyo jina la mwisho la mtoto na la baba huweza kutofautiana. Sentensi hiyo inaokoa maswali mengi.

Pasi za kusafiria

Kila mtu anahitaji pasi yake, hata mchanga. Ombi linaanzia mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji: unajaza fomu, unapata kontroli namba, unalipa, unachapisha fomu, kisha mnafika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na nyaraka halisi pamoja na kopi. Pasi ya kielektroniki, inayotolewa tangu 2018, ni TSh 150,000. Andaa cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, kitambulisho cha NIDA kwa mtu mzima, vyeti au viapo vya kuzaliwa vya wazazi, picha, na uthibitisho wa safari. Kwa mtoto, wazazi waandike barua ya ridhaa na waambatane naye.

Vyeti vya wazazi ndivyo vinavyowakwamisha watu wa umri wangu, maana mama aliyezaliwa Ukerewe miaka ya hamsini cheti atakipata wapi? Kiapo cha kuzaliwa kinakubalika. Kiandaliwe mapema, majina yake yafanane na yale uliyokwisha kuyanyoosha.

Kwa Schengen, pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku mtakayotoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Mimi hushauri miezi 6, kwa sababu mashirika ya ndege na nchi mnazopitia zina masharti yao.

Fedha, hasa kwa mfanyabiashara wa fedha taslimu

Mwajiriwa ana kazi ndogo hapa: taarifa ya benki ya miezi 3 yenye mhuri, hati za mishahara, barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na likizo aliyopewa. Mtumishi wa umma aongeze kibali cha kusafiri nje, aombe mapema.

Shughuli iko kwa mfanyabiashara. Chukua mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Anazungusha mamilioni, anasomesha, amejenga Buswelu, lakini fedha yake inalala kwenye mtaji, kwenye simu na kwenye kikundi. Akaunti ya benki ina laki mbili. Wiki moja kabla ya miadi anaweka milioni 15 kwa mkupuo mmoja. Anadhani amejiimarisha, kumbe amejiharibia. Anayesoma taarifa hiyo ataona akaunti iliyolala usingizi ikaamka ghafla na kudhani fedha imeazimwa kwa ajili ya kuonyeshwa.

Dawa yake ni kuanza Septemba. Peleka mauzo benki kila wiki, hata kama utayatoa siku inayofuata kununulia mzigo. Mzunguko ndio unaotazamwa. Ukilipwa kwa simu, hamishia benki na uombe pia taarifa ya miamala ya mtandao wa simu. Mkopo au mgao wa kikundi ukiingia, hifadhi karatasi ya kikundi inayoonyesha ulikotoka.

Halafu kuna mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo akaunti ya mfanyabiashara wa dagaa hujaa na kukauka kila mwezi kwa utaratibu ule ule. Afisa wa viza aliyekaa ofisini hajui hayo. Ataona siku kumi bila senti na kudhani biashara imekufa. Mweleze kwa maneno mawili kwenye barua: mapato hupungua katikati ya mwezi wa kalenda ya mwandamo kwa sababu uvuvi husimama. Weka na risiti za ushuru wa soko kuonyesha kuwa unarudi kazini kila giza likirudi.

Ambatanisha leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, cheti cha uthibitisho wa malipo ya kodi, na usajili wa BRELA kama upo. Hati ya kiwanja au mkataba wa pango si lazima, ila inasaidia kuonyesha kwamba una cha kurudia nyumbani. Hilo ndilo swali kubwa lililojificha nyuma ya kila karatasi wanayoomba.

Kiasi gani kinatosha? Ufaransa inatumia kipimo cha euro 65 kwa mtu kwa siku kama una uthibitisho wa hoteli, na euro 120 kama huna. Familia ya watu watano kwa siku 7, ukihesabu kila kichwa ili uwe salama, ni 65 mara 5 mara 7, yaani euro 2,275. Hiyo ni mbali na nauli na hoteli. Akaunti ionyeshe kwamba safari ikishalipwa yote, biashara na karo za Julai hazitayumba.

Ridhaa ya mzazi

Fomu ya viza ya mtoto wa chini ya miaka 18 inasainiwa na wazazi wote wawili. Baba akibaki nyumbani kusimamia mitumbwi na mama akasafiri na watoto, baba anaandika barua ya ridhaa mbele ya wakili, inayotaja majina ya watoto, namba zao za pasi, nchi, tarehe, nani anawasindikiza na nani analipa. Ambatanisha kopi ya kitambulisho chake.

Mzazi akiwa amefariki, weka cheti cha kifo. Wazazi wakiwa wametengana, weka amri ya mahakama ya nani anamlea mtoto. Kama baba hajulikani alipo na hakuna amri yoyote, usijaribu kulizunguka kwa barua ya kutunga. Nenda ustawi wa jamii, wakuelekeze njia ya mahakama. Itachukua muda.

Na mtoto wa ndugu? Kwetu ni mwanangu tu. Kwenye makaratasi si mwanao mpaka wazazi wake waseme kwa maandishi kwamba umepewa dhamana ya kusafiri naye, na vyeti vyao viwemo. Shangazi anayeongozana na watoto wa kaka yake asiende miadini na neno la mdomo.

Barua ya maelezo na tafsiri

Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza au Kifaransa. Iseme nani anasafiri na uhusiano wenu, tarehe za kwenda na kurudi, mtalala wapi, mtakwenda bustani siku zipi, nani anagharamia, na nini kinawarudisha: kazi, biashara, shule inayofunguliwa Julai. Weka barua ya mkuu wa shule inayothibitisha kwamba mtoto ni mwanafunzi na shule inafunguliwa lini. Usisifie Ulaya wala kumweleza afisa ndoto za mtoto, hana muda nazo.

Nyaraka zilizoandikwa kwa Kiswahili, kama barua ya serikali ya mtaa, kiapo, au katiba ya kikundi, zitafsiriwe. BAKITA hutafsiri na kugonga mhuri unaokubalika. Tafsiri ya kijana wa steshenari isiyo na mhuri usiipeleke, hata kama Kiingereza chake ni kizuri.

Hoteli, ndege, tiketi za bustani na bima

Hapa kanuni yangu ni ngumu: kabla viza haijatoka, usilipie chochote kisichorudishwa. Chagua hoteli yenye haki ya kughairi bila gharama. Ndege, omba wakala akutengenezee bukingi isiyolipiwa, au nunua nauli inayorudishwa. Tiketi za bustani huuzwa kwa tarehe, bei ikipanda siku za wikiendi na sikukuu, kwa hiyo soma masharti ya kughairi kwanza. Ratiba iliyoandikwa vizuri inatosha kwenye faili la viza.

Kama mtalala kwa ndugu badala ya hoteli, ndugu huyo anatakiwa kwenda ofisi ya meya wa mji wake na kupata hati rasmi ya kumpokea mgeni. Ujumbe wa WhatsApp kwamba "karibuni sana" hausaidii.

Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ihusu matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na ifunike siku zote za kuwepo huko. Majina kwenye cheti cha bima yafanane na pasi. Kampuni za hapa nchini zinatoa.

Tarehe ndipo watu wanapojichanganya. Tiketi ikisomeka tarehe 8 Juni, 00:40, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 8, saa sita na dakika arobaini. Jioni ya tarehe 7 mnatakiwa muwe uwanjani Dar. Anayefika jioni ya tarehe 8 amekuta ndege imeondoka usiku uliopita. Pia ndege inayoondoka usiku wa tarehe 8, kabla ya saa sita, huenda ikafika Paris tarehe 9, hivyo hoteli inaanza tarehe 9. Tarehe za ndege, hoteli, bima, fomu na barua ziseme kitu kimoja.

Mkipitia Amsterdam au Istanbul bado viza inayoombwa ni ya Ufaransa, kwa sababu ndiko mnakokaa siku nyingi. Njia ya London iepuke isipokuwa umethibitisha masharti ya viza ya kupita tu.

Miadi Dar es Salaam

Fomu inajazwa kwenye tovuti ya France-Visas, inachapishwa, kisha mnachukua miadi. Mwanza hakuna pa kuwasilisha, kwa hiyo ni Dar. Ada ni euro 90 kwa mtu wa miaka 12 na kuendelea, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11, na wa chini ya miaka 6 halipi. Baba, mama, kijana wa miaka 13, binti wa 8 na mdogo wa 4 ni euro 315. Ada hairudishwi hata mkinyimwa.

Alama za vidole huchukuliwa kuanzia miaka 12 na huhifadhiwa kwa miezi 59. Wanaovua samaki, wanaopara, na wanaoanika dagaa, sikilizeni: vidole vilivyochakaa kwa chumvi na magamba mashine inakataa kuvisoma. Siku chache kabla ya miadi pumzisha mikono, paka mafuta kila usiku, na asubuhi ya miadi nawa ikauke vizuri.

Picha ni milimita 35 kwa 45, ya karibuni, yenye mandharinyuma ya rangi hafifu. Mwambie mpiga picha ni ya Schengen, usimwambie tu "pasipoti".

Panga faili la kila mtu peke yake, hata la mdogo wa miaka 4, lenye fomu yake, pasi, picha, bima, cheti cha kuzaliwa na kopi za nyaraka za fedha za mzazi. Ndiyo, kopi za benki zitajirudia mara tano. Mafaili yanaweza kutenganishwa mezani, na la mtoto lisilo na fedha ndani yake linaonekana la mtoto maskini anayesafiri peke yake. Nyaraka halisi beba kwenye mfuko tofauti.

Mkinyimwa

Mtapewa karatasi yenye sababu zilizowekewa alama. Isomeni kwa utulivu. Ikisema madhumuni ya safari hayakuthibitishwa, ni ratiba na bukingi. Ikisema njia za kujikimu, ni benki. Ikisema kuna shaka ya kurudi, ni kazi, biashara na shule. Mnaweza kukata rufaa au kuomba upya, na mara nyingi kuomba upya na faili lililorekebishwa ni haraka zaidi. Hii ndiyo faida nyingine ya kuanza Desemba, kwamba nafasi ya pili ipo kabla ya Juni. Wakala anayekuambia "nina mtu ndani" mwache na mtu wake.

Kufunga mizigo

Mwanza mpaka Dar kwa ndege ni karibu saa moja na nusu, lakini kama tiketi zenu ni mbili tofauti mizigo mtaichukua Dar na kuhamia jengo la safari za kimataifa, Terminali 3. Acheni nusu siku katikati, au laleni Dar. Ndege ya ndani ikichelewa, ya kimataifa haikusubiri. Wa basi kutoka Nyegezi waondoke siku mbili kabla.

Kadi ya homa ya manjano Ufaransa haidai kwa anayetoka Tanzania, lakini mkipitia Addis Ababa au Nairobi na kukaa muda mrefu mnaweza kudaiwa wakati wa kurudi nyumbani. Chanjo ianze siku 10 kabla, na kadi sasa inadumu maisha yote.

Na zawadi kwa ndugu wa Paris. Nyama na vitu vya maziwa, samli ikiwemo, vimekatazwa kuingia Ulaya kwenye mizigo ya abiria. Samaki wa matumizi binafsi wanaruhusiwa mpaka kilo 20, kwa hiyo dagaa wakavu na sato mkavu ni halali, ila wafungeni mara tatu kwa heshima ya abiria wenzenu. Ndizi na nanasi ruksa, maembe hapana. Fedha taslimu zikifika euro 10,000 zinatangazwa forodhani. Familia ya matembezi haina sababu ya kubeba kiasi hicho. Beba kadi ya benki, na kabla ya kuondoka hakikisha tawi lako limeifungulia matumizi ya nje.

Mpakani na getini

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza mfumo wa kielektroniki wa kusajili wageni unaochukua nafasi ya mhuri, hivyo foleni inaweza kuwa ndefu na watoto wawe wamekula. Kopi za hoteli, bima, tiketi ya kurudi na barua ya ridhaa ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Viza haimzuii afisa wa mpakani kuuliza, na kuna wakati humuuliza mtoto mwenyewe: unakwenda wapi, huyu ni nani? Mtoto azoezwe kujibu ukweli kwa sentensi fupi za Kiingereza.

Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle kuna treni ya kasi inayofika kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy kwa karibu dakika 10, na kituo kiko mlangoni mwa bustani. Walioko Paris mjini wanapanda treni ya mjini ya RER A, kama dakika 40.

Getini mtoto wa chini ya miaka 3 anaingia bure, wa miaka 3 mpaka 11 analipa bei ya mtoto, na wa 12 ni mtu mzima. Beba kopi ya ukurasa wa pasi ya kila mtoto, maana mdogo mwenye mwili mkubwa ataulizwa umri. Vyombo vyenyewe vya kupanda havitazami umri, vinatazama urefu: Big Thunder Mountain ni sentimita 102, Crush's Coaster 107, Hyperspace Mountain 120, na Indiana Jones 140. Mpimeni kila mtoto ukutani nyumbani bila viatu kabla ya kumwahidi chochote, kwa sababu anayeshika fimbo ya kupimia pale hana huruma hata ya sentimita moja.